Rod Serling (1924–1975): Fumbo, Runinga na Ubaguzi wa Rangi

Wahenga walinena kuwa fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Aghalabu methali hii hutajwa ili kusifu werevu wa anayefumba na wa anayefumbua. Ni nadra kuulizwa ni nini hupotea wakati wa kufumba, na ni nani huachwa nje ya fumbo. Maisha ya Rod Serling, mwandishi wa Kimarekani aliyebuni na kusimulia mfululizo wa runinga uitwao The Twilight Zone, yaani Ukanda wa Utusitusi, yanatoa jibu la swali hilo. Serling alitaka kusimulia kisa cha kuuawa kwa mtoto mmoja Mweusi. Alijaribu mara mbili, na mara zote mbili wenye fedha wakamzuia. Ndipo alipogeukia viumbe wa sayari nyingine, mashine na mizimu, akaingia pamoja nao katika sebule za mamilioni ya watu ambao wasingekubali kuhubiriwa. Fumbo lilimpa uhuru, lakini uhuru huo ulikuwa na bei yake.

Malezi na Vita

Rodman Edward Serling alizaliwa tarehe 25 Desemba 1924 mjini Syracuse, katika jimbo la New York, katika familia ya Kiyahudi. Alikuwa kitinda mimba. Kaka yake, Robert, naye alikuja kuwa mwandishi. Angali mtoto mdogo, familia ilihamia Binghamton, mji wa viwanda katika jimbo lilo hilo, ambako baba yake, Samuel, alikuwa na duka la vyakula na nyama. Mji huo, pamoja na bustani yake na farasi wa mbao waliozungushwa kwa mashine ili kuwafurahisha watoto, haukumtoka akilini. Miaka mingi baadaye aliurejelea katika kipindi cha Walking Distance (1959), kinachomhusu mtu mzima anayerudi kijijini kwao na kujikuta ana kwa ana na utoto wake mwenyewe.

Hata hivyo, Binghamton ndiko alikoonja ubaguzi kwa mara ya kwanza. Akiwa shule ya upili alikataliwa kujiunga na chama kimoja cha wanafunzi kwa sababu alikuwa Myahudi. Halikuwa pigo la kufananishwa na yale yaliyokuwa yakiwapata Wayahudi wa Ulaya wakati huo, wala na yale yaliyowapata Weusi wa kusini mwa Marekani tangu enzi za utumwa. Lilikuwa dogo, ila lilitosha kumwonyesha kwamba mlango unaweza kufungwa mbele ya mtu kwa sababu isiyo ya kosa lake.

Mnamo mwaka wa 1943, mara tu baada ya kuhitimu masomo ya shule ya upili, Serling alijiunga na jeshi. Licha ya kimo chake kifupi, alichaguliwa kuwa askari wa miamvuli, akapelekwa kupigana na Wajapani katika visiwa vya Ufilipino. Huko Leyte alimshuhudia rafiki yake akifa, si kwa risasi ya adui, bali kwa kuangukiwa na kasha la chakula lililodondoshwa kutoka kwenye ndege ya jeshi lao wenyewe. Yeye mwenyewe alijeruhiwa mguuni, akatunukiwa nishani ya Purple Heart. Mwaka wa 1945, akiwa bado ng'ambo, alipata habari za kifo cha baba yake, na hakuweza kwenda kumzika. Alirudi nyumbani akiwa na ndoto mbaya zilizomwandama hadi mwisho wa uhai wake. Kifo kisicho na maana, kinachoshuka ghafla kutoka juu, kilikuwa kwake kumbukumbu kabla hakijawa mbinu ya usimulizi.

Baada ya vita alisomea katika Chuo cha Antioch, jimboni Ohio, kwa msaada wa serikali uliotolewa kwa askari waliorejea. Hapo ndipo alipokutana na Carol Kramer, wakaoana mwaka wa 1948, na baadaye wakajaliwa mabinti wawili. Baada ya kuhitimu mwaka wa 1950 aliajiriwa na kituo cha redio mjini Cincinnati, huku usiku akiandika michezo yake na kuituma New York. Mingi ilirudishwa. Tarehe 12 Januari 1955 mchezo wake uitwao Patterns, unaofichua ukatili wa wakubwa wa kampuni, ulirushwa hewani moja kwa moja. Ulisifiwa mno hata ukaigizwa tena kabla ya mwezi kupita, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Mwaka uliofuata, Requiem for a Heavyweight, unaomhusu bondia aliyechakaa, ulimweka katika safu ya kwanza ya waandishi wa runinga.

Kijana wa Chicago

Ili kuelewa kilichofuata, ni sharti kueleza jinsi runinga ya Marekani ilivyoendeshwa katika miaka hiyo. Kipindi kimoja aghalabu kiligharimiwa na mdhamini mmoja au wawili, na wakala wa matangazo wa mdhamini alikuwa na haki ya kusoma mswada kabla ya kuigizwa. Lisilopendeza biashara liliondolewa. Katika Requiem for a Heavyweight, mhusika hakuruhusiwa kuomba kiberiti, kwa kuwa mmoja wa wadhamini alikuwa akiuza viwashio vya sigara. Mwaka wa 1959 mchezo wa mwandishi mwingine kuhusu kesi za Nuremberg ulinyamazishwa sauti kila vyumba vya gesi vilipotajwa, kwa sababu mdhamini alikuwa chama cha wafanyabiashara wa gesi. Kwa hivyo historia ya mauaji ya mamilioni ya watu iliweza kukatizwa ili bidhaa isiaibike.

Katika mazingira hayo ndimo kisa cha Emmett Till kilimomfikia Serling. Till alikuwa mtoto Mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago, aliyekwenda kuwatembelea jamaa zake katika jimbo la Mississippi mwezi wa Agosti 1955. Alishutumiwa kwamba alimkosea heshima mwanamke Mzungu dukani. Usiku wa manane wanaume Wazungu walimtoa nyumbani kwa jamaa zake, wakamtesa, wakamuua na kuutupa mwili wake katika mto Tallahatchie. Mama yake, Mamie, aliamuru jeneza liachwe wazi ili ulimwengu uone kilichotendwa. Mwezi wa Septemba jopo la waamuzi, wote wanaume Wazungu, liliwaachilia huru washtakiwa wawili, Roy Bryant na J. W. Milam, baada ya kushauriana kwa muda wa saa moja hivi. Mwezi wa Januari 1956, wakijua kwamba hawawezi kushtakiwa tena kwa kosa lile lile, wawili hao walikiri mauaji katika jarida moja lililowalipa.

Kilichomkera Serling hakikuwa kitendo cha wauaji peke yake, bali pia jinsi jamii ilivyojikunja kuwazunguka na kuwalinda. Alijua kwamba runinga haingekubali marehemu awe Mweusi. Hivyo alianza kufumba mapema: katika mswada wa Noon on Doomsday alimfanya marehemu kuwa mzee wa Kiyahudi mwenye duka la rehani. Alidhani hatua hiyo ingetosha. Lakini alipozungumza na mwanahabari, uhusiano wa mchezo huo na kisa cha Till ulidokezwa, habari zikaenea magazetini kwamba Kampuni ya Chuma ya Marekani, iliyodhamini kipindi, ilikuwa ikitayarisha mchezo kuhusu Till. Makundi ya Wazungu yaliyopinga usawa wa rangi yakatisha kususia bidhaa zake.

Wakala wa mdhamini alishika kalamu. Marehemu akafanywa kuwa mgeni asiyejulikana ametoka nchi gani. Mandhari yakahamishwa hadi New England, kaskazini kabisa, mbali na Mississippi. Hata chupa za Coca-Cola ziliondolewa jukwaani, eti kwa kuwa kinywaji hicho kingewakumbusha watazamaji majimbo ya kusini. Mchezo uliorushwa tarehe 25 Aprili 1956 ulikuwa mwili usio na uti wa mgongo.

Serling alirudia jaribio hilo miaka miwili baadaye. Safari hii mchezo uliitwa A Town Has Turned to Dust. Baada ya mivutano mirefu, ulirushwa tarehe 19 Juni 1958 ukiwa umesogezwa nyuma hadi karne ya 19, katika mji wa kusini-magharibi, na marehemu akiwa kijana wa Kimeksiko. Katika michezo yote miwili aliyeuawa aliweza kuwa mtu yeyote, ilimradi asiwe yule aliyeuawa kweli.

Katika miaka hiyo kulikuwa pia na funzo lingine. Mwaka wa 1956 Serling aliandika mchezo wa The Arena, unaohusu Baraza la Seneti, akakatazwa kuwaruhusu maseneta wake kujadili suala lolote la kisiasa lililokuwa likivuma. Akiandika mwaka wa 1957 alisema kwa kejeli kwamba lau angeuweka mchezo huo katika karne ijayo na kuwajaza roboti ndani ya Seneti, pengine ungekuwa na mambo mengi zaidi ya kuwafaa watu wazima. Ilikuwa kejeli ya mtu aliyechoka, lakini ndani yake mlikuwa na mpango.

Ukanda wa Utusitusi

The Twilight Zone ilianza kurushwa na shirika la CBS tarehe 2 Oktoba 1959. Siku chache kabla, Serling alihojiwa runingani na Mike Wallace, akaeleza kwamba amechoka kupigana na wadhamini na kwamba katika mfululizo wake mpya hakunuia kugusa masuala yenye utata. Walioyachukua maneno hayo juu juu walidhani mwandishi jasiri amesalimu amri. Kumbe hiyo nayo ilikuwa sehemu ya fumbo. Wadhamini waliotafuta neno Mississippi katika mswada hawakuliona. Waliona sayari, roboti na mizimu, wakapitisha.

Mfululizo huo ulidumu hadi mwezi wa Juni 1964, ukawa na vipindi 156, na kati ya hivyo Serling aliandika 92. Ingawa ulirushwa saa nne usiku siku za Ijumaa kwa muda mrefu wa uhai wake, vijana na watoto walioruhusiwa kukesha walikuwa miongoni mwa wapenzi wake wakubwa. Familia nzima iliketi mbele ya runinga, na msimulizi aliyevalia suti nyeusi akajitokeza mwanzoni na mwishoni, mfano wa fanani anayefungua na kufunga ngano.

Kipindi cha The Monsters Are Due on Maple Street, kilichorushwa tarehe 4 Machi 1960, ndicho mfano bora wa mbinu yake. Umeme unakatika katika mtaa mtulivu. Mtoto aliyesoma hadithi za viumbe wa anga anadokeza kwamba huenda baadhi ya wakazi si binadamu. Majirani waliozoeana kwa miaka wanaanza kuchunguzana: huyu kwa nini gari lake limewaka, yule kwa nini hutazama nyota usiku? Kabla ya usiku kwisha risasi imelia na mawe yamerushwa. Mwishoni viumbe wa anga wanaonekana kweli mlimani, wakizima na kuwasha taa tu, maana kazi ya kuuangamiza mtaa wameachiwa wakazi wenyewe. Kundi lililomlinda muuaji wa Till limo humo, japo hakuna anayelitaja.

Katika Eye of the Beholder (Novemba 1960), mwanamke amefungwa bendeji usoni huku madaktari wakijaribu kwa mara ya mwisho kuuondoa ubaya wa sura yake. Bendeji inapofunguliwa, mtazamaji anaona uso mzuri kwa macho yake. Madaktari na wauguzi ndio wenye nyuso za kutisha. Mwanamke huyo anapelekwa kuishi mbali, pamoja na wa aina yake. Serikali iliyotenga makazi, shule na viti vya basi kwa misingi ya sura haikutajwa, ila haikuhitaji kutajwa. Vivyo hivyo katika The Shelter (Septemba 1961): tetesi za shambulio la mabomu zinapoenea, majirani wanaugombania mlango wa handaki moja, na mara mmoja wao anamgeukia mwenzake wa asili ya kigeni na kumwambia kwamba watu kama yeye hawana haki ya kuokolewa kabla ya wenyeji.

Mbinu hii ina sifa mbili. Kwanza, inampita mlinzi langoni. Pili, inampita mlinzi mwingine aliye mkali zaidi, nafsi ya mtazamaji mwenyewe. Mtu ambaye angezima runinga endapo angeambiwa kwamba yeye ni mbaguzi alitazama hadi mwisho, akawachukia wakazi wa Maple Street, kisha labda akajiona miongoni mwao. Ni utaratibu ule ule wa ngano za wanyama: anayecheka fisi hugundua kwamba amejicheka.

Lakini neno labda ndilo lililobeba udhaifu wa istiara. Mtazamaji aliyejitambua alijitambua kwa hiari yake. Asiyetaka aliweza kuburudika, akazima taa na kulala, akiamini kwamba kisa kilihusu viumbe wa anga. Tena, katika vipindi hivyo vitatu wanaobaguliwa na wanaobagua wote ni Wazungu. Ubaguzi wa rangi ulijadiliwa bila rangi. Weusi wa Marekani, waliokuwa wakikabiliwa na mbwa wa polisi barabarani, walijadiliwa bila ya kuwemo.

Serling hakuwa kipofu wa jambo hili. Mwezi wa Aprili 1960 alirusha The Big Tall Wish, kisa cha bondia mkongwe na mvulana anayemwombea muujiza. Takriban wahusika wote wakuu ni Weusi, wakiongozwa na mwigizaji Ivan Dixon, na hakuna anayeeleza kwa nini. Wanapenda, wanatumaini na kukata tamaa kama binadamu wengine. Leo hilo laweza kuonekana dogo. Wakati huo mwigizaji Mweusi runingani alikuwa aghalabu mtumishi au mchekeshaji, na mfululizo huo ulituzwa kwa mchango wake katika kuboresha uhusiano wa rangi.

Historia Yenyewe

Bunilizi za kisayansi zina chombo kingine ambacho istiara peke yake haina: safari katika wakati. Kupitia chombo hicho Serling aliigusa historia halisi. Kwa kweli The Twilight Zone ilizaliwa kutokana na safari ya namna hiyo. Mwaka wa 1958 mchezo wake wa The Time Element ulimwonyesha mtu anayeota kila usiku kwamba yuko Honolulu katika mkesha wa shambulio la Pearl Harbor la 1941. Anawaonya watu, wala hakuna anayemsikiliza. Barua za watazamaji zilikuwa nyingi na za sifa, na CBS, iliyokuwa imeuweka mswada huo kabatini, ikakubali kumpa mfululizo wake.

Kanuni ya Serling kuhusu historia ilikuwa kwamba haibadiliki. Katika Back There (1961) mtu anajikuta Washington mwaka wa 1865, saa chache kabla ya Rais Abraham Lincoln kupigwa risasi, na anashindwa kumwokoa. Katika No Time Like the Past (1963) mwingine anashindwa kuwaonya watu wa Hiroshima, kumuua Hitler na kuinusuru meli ya Lusitania. Wapo wanaoiona kanuni hii kuwa ya kukatisha tamaa. Lakini ina uadilifu wake. Endapo msafiri kutoka siku zijazo angeweza kufika na kuokoa, mateso ya waliokufa yangegeuzwa kuwa mchezo wa kuigiza wenye mwisho mwema, na walio hai wangeondolewa mzigo wa kukumbuka.

Kukumbuka ndiko kiini cha Deaths-Head Revisited, kipindi kilichorushwa tarehe 10 Novemba 1961, mwaka ambao Adolf Eichmann alishtakiwa mjini Jerusalem. Aliyekuwa afisa wa kikosi cha SS anarudi kwa fahari kuizuru kambi ya mateso ya Dachau. Humo anakutana na mizimu ya aliowaua, inamfungulia kesi na kumtia wazimu. Hapa Serling hakufumba jina. Kambi ni Dachau, waliokufa ni waliokufa kweli, na msimulizi anamalizia kwa kueleza ni kwa nini magofu ya aina hiyo hayapaswi kubomolewa. Mzimu, ambao kwingineko ni pambo la kutisha, umekuwa shahidi. Mwaka wa 1963 alifuatisha He's Alive, kuhusu kijana wa Kimarekani anayefundishwa uhatibu wa chuki na mzimu wa Hitler. Kipindi hicho kilimletea barua nyingi za chuki, ithibati kwamba fumbo lilikuwa limefumbuliwa.

Swali linajileta lenyewe: kwa nini Dachau iliweza kutajwa ilhali Mississippi haikuweza? Jibu ni jepesi na chungu. Dachau ilikuwa dhambi ya adui aliyeshindwa vitani. Mississippi ilikuwa ya nyumbani, na walioitetea walikuwa wateja.

Mwezi wa Machi 1964, miezi minne baada ya kuuawa kwa Rais Kennedy, Serling alikaribia zaidi. Katika I Am the Night—Color Me Black, jua linakataa kuchomoza katika mji ambao mtu anasubiri kunyongwa kwa kumuua mbaguzi. Mhubiri Mweusi, akiigizwa na Ivan Dixon yule yule, anauambia umati kwamba giza hilo ni chuki yao wenyewe. Kisha redio inatangaza giza kama hilo mahali pengine duniani, na katika orodha hiyo limo jina la Birmingham, Alabama, ambako mwezi wa Septemba 1963 bomu lililotegwa kanisani liliwaua wasichana wanne Weusi. Wahakiki wengi hukiona kipindi hiki kuwa kizito kwa mahubiri. Huenda. Lakini baada ya miaka minane ya kuhamishwa hamishwa, mji wa kusini ulikuwa umetajwa kwa jina lake.

Fumbo Linapopotoka

Haifai kumsifu mtu bila kutaja palipoteleza. Tarehe 1 Mei 1964 mfululizo huo ulirusha The Encounter, mswada wa Martin Goldsmith. Mkongwe wa vita na kijana Mmarekani mwenye asili ya Japani, aliyeigizwa na George Takei, wanafungiwa pamoja katika chumba cha darini, na chuki ya vita inafufuka. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, kijana anafanywa akiri kwamba babake alikuwa msaliti aliyewaelekeza marubani wa Kijapani kule Pearl Harbor. Usaliti wa aina hiyo haukutokea. Ilikuwa ni tuhuma iyo hiyo isiyo na ushahidi iliyotumiwa kuwafungia Wajapani-Wamarekani zaidi ya laki moja makambini wakati wa vita, Takei mwenyewe na wazazi wake wakiwemo. Malalamiko yalipozuka, kipindi kiliondolewa katika marudio nchini Marekani, kikakaa hivyo kwa miongo mitano.

Kosa hilo linafunza jambo. Mtunzi wa bunilizi anaweza kubuni sayari atakavyo, lakini anapoigusa historia ya watu walioonewa, uongo mmoja mdogo hurudia dhuluma ile ile anayodai kuipinga.

Miaka ya Mwisho

Baada ya The Twilight Zone kumalizika, Serling alishiriki kuandika filamu ya Planet of the Apes (1968), ambamo nyani wanamfunga binadamu na kujadili kama ana akili. Alipinga hadharani vita vya Vietnam. Mwaka wa 1970 mchezo wake A Storm in Summer ulionyeshwa na NBC. Unamhusu mzee wa Kiyahudi mwenye duka la vyakula na mvulana Mweusi kutoka Harlem wanaolazimika kuishi pamoja. Hamna sayari wala mzimu. Mvulana ni Mweusi, mzee ni Myahudi, na chuki wanayopambana nayo inatajwa kwa jina. Mchezo huo ulishinda tuzo ya Emmy.

Vipindi vya Night Gallery, alivyovitambulisha kuanzia 1970 hadi 1973, havikumridhisha kwa kuwa hakuwa na mamlaka juu yake. Alipata faraja katika kufundisha uandishi katika Chuo cha Ithaca, New York, karibu na nyumba ya familia ya mapumziko kando ya ziwa Cayuga. Alikuwa mvutaji sigara mkubwa. Mwezi wa Mei 1975 alipatwa na mshtuko wa moyo, na tarehe 28 Juni, baada ya upasuaji, alifariki mjini Rochester akiwa na umri wa miaka 50. Alizikwa Interlaken, si mbali na ziwa alilolipenda.

Hitimisho

Miaka 62 baada ya Noon on Doomsday, tarehe 21 Oktoba 2018, shirika la BBC la Uingereza lilirusha kipindi kiitwacho Rosa katika mfululizo wa Doctor Who, bunilizi ya kisayansi inayotazamwa na familia nzima tangu 1963. Kiliandikwa na Malorie Blackman, mwandishi Mweusi wa vitabu vya watoto, akishirikiana na Chris Chibnall. Wasafiri wa wakati wanafika Montgomery, Alabama, mwaka wa 1955, na wanalazimika kubaki wameketi ndani ya basi ili historia itimie na Rosa Parks akatae kusimama. Hawamwokoi, ushujaa unabaki wake. Na mapema katika kipindi hicho, Rosa anapomwonya kijana Mweusi kuhusu hatari inayomkabili, jina la Emmett Till linatamkwa waziwazi, watoto wakisikia.

Kati ya kunyamazishwa kwa jina hilo na kutamkwa kwake kuna safari ndefu, na Serling ni mmoja wa waliofyeka njia. Fumbo lake liliwaingiza wasikilizaji waliokuwa wamefunga mlango. Halikuweza kufanya kazi ya jina. Kwa mwanafunzi wa fasihi, maisha yake yanaonyesha kwamba istiara iliyozaliwa kwa udhibiti hubeba alama ya udhibiti huo, na kwamba uhakiki haukamiliki kwa kulifumbua fumbo tu. Ni sharti pia kuulizia aliyeondolewa ili fumbo lipite. Katika kisa hiki alikuwa mtoto wa miaka 14 kutoka Chicago, na jina lake lilikuwa Emmett Till.